Tasnifu ya Mwambao wa Mweru: Jinsi ya Kuipanga

Tasnifu ni andiko refu la kitaaluma ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu huliandika chini ya msimamizi ili kujibu swali moja kwa ushahidi alioukusanya au kuuchambua mwenyewe. Shahada ya umahiri hudai aonyeshe kwamba anaimudu kazi ya utafiti. Uzamivu hudai aongeze jambo ambalo wenzake wa fani hawakuwa nalo. Kuipanga tasnifu kuna pande mbili. Upande mmoja ni wa hoja: swali, mipaka, sura na mfuatano wake. Upande wa pili ni wa kazi yenyewe: miezi, vibali, nauli, daftari na watu wa kuhojiwa. Miongozo mingi ya vyuo huzieleza pande hizi kila mmoja kivyake, wa kwanza kwa kirefu na wa pili kwa jedwali la ukurasa mmoja mwishoni mwa pendekezo la utafiti. Kwa maoni yangu hapo ndipo tasnifu nyingi huharibikia. Mahali panapofanyiwa utafiti pana kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo huamua swali gani linajibika.

Mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, unalionyesha jambo hili waziwazi. Ziwa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita ndani yake. Mto Luapula unaingilia kusini kupitia vinamasi vipana. Upande wa Zambia ipo wilaya ya Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, pamoja na mji wa wavuvi wa Kashikishi na visiwa kama Chisenga na Kilwa vinavyofikiwa kwa boti. Lugha ya watu wengi ni Kibemba. Ng'ambo, Pweto na Kilwa ya Kongo, Kiswahili cha Katanga kinasikika sokoni kila siku. Mwambao huu ni wa wavuvi na wakulima wa mihogo, lakini umechunguzwa na wasomi kwa zaidi ya miaka 70, na kazi zao ni shule nzuri kwa anayetaka kupanga yake.

Swali na mipaka yake

Mwanafunzi anayeanza husema anataka kuandika "kuhusu uvuvi wa Mweru". Hiyo ni mada, bado si swali. Mada haina mwisho; swali lina mahali linapokoma. Njia ya haraka ya kuona tofauti hiyo ni kusoma kichwa cha tasnifu iliyokamilika. Mwanahistoria Mzambia Mwelwa Musambachime aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1981, na kichwa chake, kwa Kiswahili, ni maendeleo na ukuaji wa sekta ya uvuvi Mweru-Luapula, 1920 hadi 1964. Kichwa hicho kimebeba mpango mzima. Kinataja shughuli moja, eneo moja linalounganisha ziwa na mto, na miaka 44 yenye mwanzo na mwisho.

Mwisho wake unajieleza: 1964 ni mwaka wa uhuru wa Zambia. Mwanzo ndio unaohitaji kufikiriwa. Katika makala yake ya mwaka huohuo wa 1981, Musambachime alichambua athari za ugonjwa wa malale Mweru-Luapula kati ya 1906 na 1922, kipindi ambacho serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka mwambaoni na kuwazuia kuvua ili kuwaepusha na mbung'o. Uvuvi wa biashara usingeweza kukua pale ambapo watu wamekatazwa kukaa. Vikwazo vilipolegezwa, ng'ambo ya mto ulikuwapo mji wa migodi wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulioanzishwa 1910 na wenye maelfu ya vibarua wa kulishwa. Wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga, kwenye ukingo wa Kongo, wakawa wanunuzi wakubwa wa samaki wa Luapula. Kwa hiyo mipaka ya miaka inatokana na mambo yaliyobadilika katika maisha ya watu. Mwanafunzi anayechagua "2010 hadi 2020" kwa sababu tu ni miaka kumi kamili, aulizwe na msimamizi wake: mwaka 2010 kulitokea nini ziwani?

Mipaka ya mahali inadai uangalifu uleule. "Nchelenge" inaweza kuwa mji, wilaya au kituo cha afya. "Mweru" bila maelezo inaweza kuchanganywa na Mweru Wantipa, ziwa jingine lililo mashariki yake. Anayesema anachunguza wavuvi wa Chisenga aeleze kama ni wakazi wa kudumu wa kisiwa au ni pamoja na wale wanaohamia kambi za uvuvi kwa msimu, maana makundi haya mawili hayatoi jibu moja kuhusu mapato, shule za watoto wala malaria.

Swali likishapatikana, lipimwe kwa jambo moja: je, kuna jibu linaloweza kuonyesha kwamba mtafiti alikosea? "Kufungwa kwa uvuvi kuna athari gani?" haliwezi kushindwa, kwa kuwa athari fulani haikosekani. "Je, kaya zinazouza chisense (samaki wadogo wa jamii ya dagaa) hununua chakula kidogo zaidi miezi ya kufungwa kuliko kaya zinazovua?" linaweza kushindwa, kwa hiyo linafaa.

Kusoma kabla ya kusafiri

Mapitio ya maandishi hayaandikwi ili kumwonyesha mtahini kwamba mwanafunzi amesoma. Kazi yake ni kuonyesha swali limefikia wapi mikononi mwa wengine. Kwa Bonde la Luapula, mtu hawezi kumkwepa Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko kati ya 1948 na 1951 akiwa na Taasisi ya Rhodes-Livingstone, na ambaye kitabu chake kikuu juu ya watu wa Luapula kilitoka 1959. Giacomo Macola ameandika historia ya ufalme wa Kazembe hadi 1950, iliyotoka 2002. Karla Poewe alichunguza ukoo wa kuukeni na mahusiano ya wanawake na wanaume, 1981. David Gordon, katika kitabu cha 2006 kinachobeba jina la Nachituti, ameunganisha historia ya samaki, ardhi na mamlaka. Nachituti anakumbukwa kuwa dada wa Nkuba, mtawala wa Washila. Kaka yake alipomuua mwanawe, alimwomba Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, amlipizie kisasi, kisha akamkabidhi ardhi na maji. Mwanafunzi wa sheria za uvuvi anayelipita simulizi hili kwa kudhani ni hadithi ya kale atashangaa atakapowasikia wazee wakilitumia kujadili nani ana haki juu ya ziwa.

Utafutaji wenyewe una mitego. Majina ya eneo hili yameandikwa kwa namna nyingi: Mweru na Moero, Kazembe na Cazembe. Ukiandika "Kilwa" kwenye mtambo wa maktaba utaletewa magofu ya Kilwa Kisiwani ya Tanzania, kisha mji wa Kilwa wa Kongo, na kisiwa cha Zambia mwishoni kabisa. Chisenga nayo ipo pia Chitipa, Malawi. Orodha ya majina mbadala ni ukurasa wa kwanza unaopaswa kuandikwa kwenye daftari la tasnifu, kabla hata ya muhtasari.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengi hawaitumii. Karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika Kazembe. David Livingstone alipoliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 na kuendelea hadi mji wa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi hapo kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, na maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili. Chanzo hicho mwanafunzi wa Dar es Salaam au Lubumbashi anakisoma bila mkalimani. Aliyesoma Kibemba anacho kitabu cha Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, juu ya wahenga wake na watu wake, ambacho Cunnison alikitafsiri na kukitoa 1961. Nyaraka za utawala wa kikoloni zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Lusaka, nyingi zikiwa chini ya wilaya za wakati huo kama Kawambwa. Anayezitafuta kwa jina la wilaya ya leo atarudi mikono mitupu.

Vibali

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu utaratibu ni mkavu, ingawa unakula miezi. Utafiti unaohusu watu hupitishwa na kamati ya maadili ya chuo. Utafiti wa afya nchini Zambia una ngazi ya pili: Mamlaka ya Taifa ya Utafiti wa Afya, iliyotokana na sheria ya 2013. Kwa vibali vya utafiti Kenya ina tume ya NACOSTI na Tanzania ina tume ya COSTECH, na anayevuka ziwa kwenda Pweto ameingia nchi nyingine yenye ofisi zake. Baada ya karatasi za Lusaka kuna ofisi ya wilaya, kisha chifu. Katika eneo la Mwata Kazembe na machifu wengine wa bonde hili, mtafiti asiyekwenda kujitambulisha atajibiwa kwa adabu na hataambiwa chochote. Barua hizi ziombwe wakati pendekezo linaandikwa, kila moja ikiwa na tarehe yake kwenye mpango kazi, na nakala zake zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Boti za visiwani hazina makabati.

Kalenda ya ziwa

Sehemu hii ndiyo inayostahili muda mwingi. Sheria ya Zambia hufunga uvuvi kwenye maji mengi ya nchi, Mweru ikiwemo, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyohiyo mvua, zinazoanza takriban Novemba na kwisha Aprili, zimepamba moto. Sasa mfikirie mwanafunzi wa umahiri aliyemaliza masomo ya darasani, aliyepitishiwa pendekezo mwezi Novemba, na aliyeandika "ukusanyaji wa data: Januari na Februari" kuhusu bei ya chisense. Chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Januari hakuna uvuvi halali, jua la kuanikia ni la kubahatisha, na wanunuzi wengi wa mbali hawapo. Atakachokusanya ni kumbukumbu za bei. Kama atawapata wanaovua kwa siri, amejiingiza katika tatizo la maadili ambalo kamati haikulipitisha: daftari lake lina majina ya wavunja sheria.

Mtu huyu ana njia tatu. Anaweza kusogeza safari hadi Aprili au Mei, ziwa likiwa limefunguliwa na mvua zinakatika, na kutumia Desemba hadi Machi kwenye nyaraka za Lusaka na kuandika sura ya mapitio. Anaweza kwenda mara mbili, wiki chache za kufungwa na wiki chache za kufunguliwa, akapata ulinganisho ambao safari moja haiwezi kuutoa. Au anaweza kubaki na Januari na kubadili swali: kaya zinaishije ziwa likiwa limefungwa? Njia ya tatu mara nyingi huleta tasnifu nzuri kuliko ile ya awali, kwa sababu watu wachache hujitokeza kuuliza wakati huo. Jambo lisilofaa ni kubaki na swali la zamani na mwezi wa zamani, kisha kuliita pengo "changamoto za utafiti" katika sura ya tatu.

Ndani ya mwezi kuna kalenda nyingine. Uvuvi wa taa hutegemea giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri na wavuvi hupumzika. Usiku wa giza wanakuwa majini, asubuhi wanalala, na wanawake wanaoanika na kuuza chisense ndio wenye shughuli kuanzia alfajiri. Hojaji ya dakika 40 inayoanza saa tatu asubuhi itawapata waliokosa kazi siku hiyo, na sampuli imeshapinda kabla ya kuchambuliwa. Mwisho wa Julai watu wengi wa bonde huelekea Mwansabombwe kwa sherehe ya Umutomboko ya Walunda: ni wiki mbaya kwa hojaji na nzuri sana kwa anayechunguza utawala wa jadi.

Mwanafunzi wa afya ana hesabu yake. Nchelenge ina malaria mwaka mzima, na kwa sababu hiyo watafiti wa Zambia na wa ng'ambo wamekuwa wakikusanya takwimu huko kwa miaka mingi, wakiwemo wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola. Mbu Anopheles funestus ndiye anayetawala, na Anopheles gambiae huongezeka wakati wa mvua. Tasnifu inayopima vyandarua kwa ziara moja ya kiangazi haina haki ya kusema chochote kuhusu masika. Tena eneo lililochunguzwa sana huwa na watu waliochoka kuulizwa. Kabla ya kubuni hojaji mpya, ulizia kama takwimu zilizopo zinaweza kuombwa.

"Mimi nilitoka Kola"

Cunnison aligundua jambo ambalo kila anayefanya mahojiano Luapula anapaswa kulibandika mbele ya daftari lake. Mtu anayerithi jina na nafasi ya mhenga huchukua pia undugu wake, na anaposimulia historia husema "mimi". Mzee aliye mbele yako anaweza kusema kwamba alitoka Kola, nchi ya asili katika masimulizi, akavuka mto, akapigana na fulani. Anayetenda ni aliyelishika jina hilo vizazi vingi nyuma. Vilevile machifu wawili wanaweza kuitana baba na mwana kwa kuwa waanzilishi wa vyeo vyao walikuwa baba na mwana. Aidha, kila ukoo una historia yake, na mtu hupaswa kusimulia ya kwake. Ya wengine si haki yake.

Hili hubadilisha mpango kwa vitendo. Kwanza, nakala ya mahojiano ibaki katika Kibemba, na tafsiri iwekwe kando, ili "mimi" hiyo isipotee kwa msaidizi anayeandika "babu yake". Pili, jedwali la wahojiwa liwe na safu ya jina la urithi pamoja na jina la kuzaliwa, huku majina halisi yakitunzwa mbali na maandishi kama kamati ilivyoagiza. Tatu, usitafute mzee mmoja "anayejua yote". Orodhesha koo zinazohusika na swali lako, halafu tenga siku kwa kila ukoo. Tofauti kati ya masimulizi si kasoro ya kusawazishwa. Mara nyingi ndiyo matokeo yenyewe.

Kazi za kila jioni ni chache na hazisubiri kesho: kusikiliza tena rekodi wakati sauti bado iko kichwani, kuipa faili jina lenye tarehe, mahali na namba ya mhojiwa, kuinakili mahali pa pili, na kuandika nusu ukurasa wa kile ambacho rekodi haikushika. Mtandao ukipatikana Kashikishi, nakala ya tatu itumwe nje ya wilaya.

Sura

Vyuo vingi vya Afrika Mashariki na Kusini hupendelea muundo wa sura tano au sita: utangulizi, mapitio, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho. Kwa epidemiolojia na uchumi unafaa. Kwa historia na anthropolojia unaweza kuua hoja, kwa maana unamlazimisha mwandishi kutenganisha jambo na maana yake. Tasnifu kuhusu samaki aina ya mpumbu, aliyekuwa nguzo ya biashara ya Luapula kabla hajaadimika katikati ya karne ya 20, inaeleweka zaidi ikifuata wakati: soko la migodi, nyavu na wanunuzi, kuadimika, kanuni za serikali, na ghasia za 1953 ambazo Musambachime alizichambua katika makala ya 1987. Mbinu zinaweza kukaa ndani ya utangulizi. Mwanafunzi azungumze na msimamizi kuhusu hili mapema, akiwa na tasnifu mbili za idara hiyohiyo zilizofaulu kwa muundo tofauti. Hoja ya mfano uliokubalika ni ngumu kukataliwa.

Namna bora ya kuujaribu muundo ni kuandika sentensi moja kwa kila sura, sentensi inayodai jambo. "Sura hii inahusu biashara ya chisense" haidai kitu. "Biashara ya chisense iliwapa wanawake nafasi sokoni ambayo samaki wakubwa hawakuwapa" inadai, na sasa inajulikana ni ushahidi gani utafutwe. Sentensi hizo zikisomeka kwa mfululizo bila kuruka, mpango umesimama. Zikigongana, ni nafuu kujua hilo kabla ya safari kuliko wiki ya kuwasilisha.

Uandishi wenyewe usianzie utangulizi. Sura ya mbinu huandikwa upesi mtafiti akiwa bado kwenye eneo, kwa sababu anakumbuka alichofanya hasa, ikiwemo nyumba alizozikosa na siku alizozuiwa na upepo. Matokeo hufuata, kisha mjadala; utangulizi huja mwisho, swali likiwa limetulia. Msimamizi apewe sura moja moja kwa tarehe zilizokubaliwa, pamoja na barua fupi inayosema mwanafunzi anataka aangaliwe nini. Msimamizi anayepokea kurasa 90 kwa mkupuo atarekebisha tahajia. Marejeleo yawekwe kwenye programu kama Zotero tangu kitabu cha kwanza, na wiki nne za mwisho ziachwe kwa uhariri, ramani, idhini za picha na uchapaji.

Baada ya utetezi na masahihisho, nakala hubaki maktaba ya chuo, na Chuo Kikuu cha Zambia huziweka tasnifu pia kwenye hazina yake ya mtandaoni. Utaratibu unaishia hapo, na ni pungufu. Weka kwenye bajeti, tangu siku ya pendekezo, gharama ya nakala mbili za ziada na muhtasari wa kurasa chache kwa Kibemba: nakala moja kwa ofisi ya uvuvi au ya afya ya Nchelenge, nyingine kwa chifu aliyekupokea, na muhtasari usomwe kwa sauti Chisenga kabla ya 1 Desemba, wavuvi wakiwa bado hawajatawanyika kwenda mashambani.